Vipimo vinasema ugonjwa umetulia, mbona bado nateseka?

Dada, pole sana. Umeuliza inakuwaje daktari aseme baridi yabisi yako imetulia, ilhali asubuhi unashuka kitandani kwa kushika ukuta. Mimi nina mwaka wa 11 na ugonjwa huu, na niliwahi kutoka kliniki nalia kwa jambo hilohilo.

Huenda alama aliyokusomea ni ile ya DAS28. Wanabonyeza viungo 28, wanahesabu vinavyouma na vilivyovimba, wanajumlisha na kipimo cha damu, kisha wewe unaulizwa unajionaje kwa ujumla. Ikishuka chini ya 2.6, inaandikwa kuwa ugonjwa umetulia. Sasa vihesabu hivyo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono, magoti. Basi. Vifundo vya miguu havimo, wala vidole vya miguu. Ugonjwa wangu ulikuwa umekaa hukohuko miguuni! Daktari hakunidanganya, alisoma kilichopimwa. Na ule uchovu unaokuangusha mchana ukiwa hujafanya lolote, nao hauna swali lake.

Lipo dodoso linalokaribia maisha zaidi, linaitwa HAQ, lilitoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1980. Maswali 20 kuhusu wiki iliyopita: kuvaa, kuinuka, kula, kutembea, kushika vitu na kadhalika. Kila jibu ni 0, yaani bila shida, mpaka 3, yaani siwezi kabisa. Nalipenda, lakini hata hilo nililijaza vibaya miaka mingi bila kujua.

Swali la kufunga vifungo vya nguo nilikuwa natia alama "bila shida". Siku moja mke wangu alikuwa pembeni yangu, akaniuliza polepole, "Mara ya mwisho umevaa shati la vifungo lini?" Sikukumbuka. Nilishaacha mashati hayo, nikahamia fulana, na kwa kuwa sikuvigusa tena vifungo, havikunipa shida. Kumbe ndivyo tunavyofanya: tunapunguza maisha kidogokidogo mpaka yatoshee ndani ya ugonjwa, halafu tunajibu kwamba tuko sawa. Watafiti wanalijua jambo hili, kwamba mgonjwa wa muda mrefu hubadilisha kipimo chake cha ndani. Si uongo, na wakati mwingine ni kuzoea kwa heri kabisa. Ila alama inashuka bila mwili kupata nafuu. HAQ yenyewe ina kanuni nzuri hapa: ukitumia kifaa au kusaidiwa na mtu katika jambo fulani, alama yake haishuki chini ya 2. Kwa hiyo usifiche fimbo, wala usione haya kuandika kwamba mwanao ndiye anayekufungulia chupa.

Siku hizi mimi kabla ya kujaza naandika kwanza vitu nilivyoacha kufanya tangu kliniki iliyopita. Vilevile naandika dakika ninazokaa asubuhi kabla vidole havijakunjuka. Madaftari hayo ndiyo yaliyonibadilishia dawa, si kipimo cha damu.

Ukienda safari ijayo, vua viatu na soksi kabla daktari hajaanza kukagua mikono, umwombe abonyeze na huko.