Malisho yamekauka, magugu yangali mabichi

SWALI: Ninafuga ng'ombe sita na mbuzi wachache katika shamba la hekta nne. Mvua imekatika kwa muda mrefu na nyasi zimebaki visiki vikavu, lakini magugu ya majani mapana yamesimama kijani katikati ya malisho na baadhi yameanza kutoa maua. Nimekwisha kununua dawa ya kuua magugu. Je, nipulize sasa kabla hayajaenea, au nisubiri mvua?

JIBU: Ndugu mfugaji, nakuomba uiweke dawa hiyo stoo kwa sasa. Ninaelewa uchungu wa kuona gugu likinawiri mahali ambapo ng'ombe hapati hata fungu la nyasi, na ninajua kwamba mtu aliyekwisha kutumia fedha zake hupenda kuona kazi imefanyika. Hata hivyo, ukipuliza leo utapoteza dawa, na huenda ukaongeza madhara.

Dawa nyingi za kupulizia majani hufanya kazi pale tu mmea unapokuwa katika hali ya kukua, kwa sababu zinapaswa kupenya jani kisha zisafiri pamoja na utomvu hadi mizizini. Gugu lililobanwa na ukame hufunga vitundu vya majani yake, nta iliyo juu ya jani huwa nene zaidi, na utomvu hutembea polepole mno. Matokeo yake ni kwamba majani ya juu yanaungua, wewe unafurahi, na mvua ikinyesha gugu linachipua upya kutoka kwenye mzizi ambao haukuguswa. Tena, pitisha kidole chako juu ya jani moja leo hii uone vumbi litakaloshika kidoleni: glifosati, ambayo ni dawa ya magugu inayotumika sana, hunaswa na chembe za udongo na kupoteza nguvu kabla haijaingia ndani ya jani. Ikumbukwe pia kwamba glifosati haichagui, kwa hiyo itaua hata shada la nyasi ulilokuwa unatumaini lichipue. Zaidi ya hayo, baadhi ya magugu yenye sumu yakinyauka baada ya kupuliziwa huwavutia mifugo kuliko yalipokuwa mazima, na mnyama mwenye njaa hatayaacha.

Sasa tuangalie kwa nini magugu hayo yamekushinda. Mengi yana mzizi mkuu unaozama chini kufuata unyevu, wakati mizizi ya nyasi, hasa nyasi zilizolishwa hadi ardhini, hubaki mifupi kwa kuwa mmea usio na majani hauna cha kuilishia mizizi yake. Ng'ombe anakula nyasi na kuliacha gugu, kesho anarudi kwenye chipukizi lile lile la nyasi, na kila anaporudi analipa gugu nafasi zaidi. Kwa hiyo hatua ya kwanza, na kwa maoni yangu iliyo kubwa kuliko zote, ni kuwaondoa wanyama kwenye sehemu kubwa ya shamba kungali na kitu cha kuokoa. Tenga kitalu kimoja, yaani kipande cha malisho, ikiwezekana kile kilichokwisha kuharibika, uwaweke humo na kuwapelekea chakula na maji. Ni afadhali kuumiza kipande kimoja kuliko hekta zote nne. Kwenye vitalu vingine usiruhusu nyasi kuliwa chini ya takriban sentimita 10.

Usikate tamaa ukiona nyasi zako zimekauka. Piga magoti, chukua shada moja la nyasi, ulipasue kwa kisu kwenye kitako cha shina pale linapogusana na udongo. Ukikuta ndani ni peupe na penye unyevu kidogo, nyasi hiyo iko hai na inangoja mvua; ukikuta ni kahawia na panavunjika kama ubua, imekufa. Fanya hivyo katika sehemu kadhaa za shamba, nawe utajua ni wapi patahitaji kupandwa nyasi upya na ni wapi panahitaji kupumzishwa tu.

Ama magugu yenyewe, anza na yale yanayotoa maua, kwa kuwa gugu lisilozaa mbegu msimu huu linaweza kungoja. Udongo mkavu hukatia mzizi njiani ukivuta kwa mkono, kwa hiyo tumia jembe au sururu ukate chini ya kitako cha shina. Vichwa vya maua vitie kwenye gunia, maana magugu mengi huendelea kukomaza mbegu hata baada ya kung'olewa, wala usivitupe kwenye lundo la samadi. Kama gugu hilo ni gugu karoti, vaa glavu na nguo za mikono mirefu kwa sababu huwasha ngozi na kuwaletea watu wengine matatizo ya kupumua. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kuzaa mbegu zaidi ya 15,000. Usilime kitalu kizima kwa kisingizio cha kuondoa magugu, kwani udongo uliofunuliwa ndio kitanda kinachopendwa na mbegu zake.

Kuna hatari moja ambayo hukuiuliza, lakini siwezi kuiacha. Mimea kama mchicha pori na mtama hulimbikiza nitrati (chumvi ya nitrojeni ambayo ikizidi huwa sumu kwa mifugo) wakati wa ukame, hasa sehemu ya chini ya shina, na kiwango hicho kinaweza kuwa kikubwa zaidi katika siku chache zinazofuata mvua ya kwanza. Kukausha mmea hakuondoi nitrati. Mnyama aliyeathirika huhema kwa shida, huyumba, na damu yake huwa na rangi ya kahawia. Mwite daktari wa mifugo bila kukawia. Usimwingize kamwe mnyama mwenye njaa kali kwenye kitalu kilichojaa magugu hata kama yanaonekana laini.

Mvua ikinyesha, zuia hamu ya kufungua vitalu mara moja. Wiki mbili au tatu za mwanzo ndizo zitakazoamua msimu wako: miche ya magugu itakuwa midogo, udongo laini, na mzizi utang'oka mzima. Hapo ndipo dawa yako inaweza kutumika, kwa kupuliza gugu moja moja wala si shamba zima, huku ukifuata maelezo ya lebo kuhusu siku ambazo mifugo na maziwa vinapaswa kusubiri.

SWALI: Nimelazimika kununua marobota ya majani makavu kutoka mbali. Je, yanaweza kuniletea magugu mapya?

JIBU: Ndiyo, na hutokea mara nyingi. Lishia mahali pamoja, si huku na huku, kisha upakague kila wiki baada ya mvua na kung'oa mche wowote usioujua. Mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, kwa hiyo wanyama walioletwa kutoka shamba jingine nao wakae zizini kwa muda wa wiki moja hivi kabla ya kuingia malishoni, na samadi ya siku hizo irundikwe peke yake.