Vitabu vya chuo Pune: kabla ya bei, soma jalada

Begi langu la kwenda kusoma Pune, India, Agosti 2016, lilikuwa na kilo 23, na saba kati ya hizo zilikuwa vitabu. Mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa ananilipia ada, alinikusanyia vitabu vyake vya ufundi vya enzi zake, akavifunga kwa kamba ya katani na kuniambia mtu haendi shule mikono mitupu. Sikuwa na ubavu wa kumkatalia. Kwa miaka minne nilivifungua labda mara tatu, na kimoja kikaishia kuzuia mlango wa chumba usijibamize upepo wa mvua ukivuma.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoniuliza kila mwaka kama mbebe vitabu kutoka nyumbani, jibu ni hapana. Nafasi hiyo wekeni sembe. Unga wa mahindi wa kule ni wa njano na ugali wake haushiki.

Hilo lilikuwa kosa la mjomba. La kwangu lilikuja wiki moja baadaye.

Viza yangu ilichelewa, nikakuta masomo yameshaanza. Nikapewa orodha ya vitabu: kila somo kitabu cha kiada kimoja, halafu vya rejea vitatu au vinne. Nikapiga hesabu kwa bei zilizochapwa nyuma ya majalada, ikaja kama rupia 6,000. Wakati ule rupia moja ilikuwa inakaribia shilingi 32, yaani karibu laki mbili, na kule laki ni laki ileile, neno letu na lao. Nikashika kichwa. Kijana mmoja wa hosteli akaniambia, usihangaike, nenda ABC.

ABC ni Appa Balwant Chowk, njia panda ya Pune ya zamani, si mbali na ngome ya Shaniwar Wada. Maduka ya vitabu yamebanana pale kama vibanda vya nguo Kariakoo. Usitegemee kuingia na kujichagulia rafuni. Unasimama kaunta, katikati ya wanafunzi wengine ishirini, unapaza sauti: somo, mwaka, muhula. Kijana anapanda ngazi, anashuka na kitabu, anakibwaga mbele yako. Lugha isiwatishe. Ukisema kitabu, duka, kalamu au hesabu, mwenye Kihindi anakuelewa karibu ulivyosema. Kinachochanganya ni heshima zao. Kwa Kimarathi muuzaji wa makamo unamwita kaka, maana yake baba mdogo, na kijana mwenye sharubu zake anaitwa dada, ambaye kwa Kiswahili chetu ndiye kaka. Ilinichukua mwezi kumwita mwanamume dada bila kucheka.

Sasa, pembeni ya maduka nikaona mafungu ya vitabu vilivyotumika. Vingine havikuwa hata na mkunjo. Vitabu vinane kwa rupia 500! Nikalipa haraka, nikaogopa muuzaji asije akabadili mawazo. Jioni nikawapigia nyumbani kujisifu.

Wiki tatu baadaye ukaja mtihani mdogo wa darasani. Maswali mawili sikuyaona popote katika vitabu vyangu, na sura niliyokuwa nimeikariri usiku kucha haikuulizwa kabisa. Mwenzangu wa Kimarathi aliyekaa nyuma yangu alichukua kitabu changu, akakitazama, akaweka kidole jaladani bila kusema neno. Kulikuwa na mwaka umeandikwa pale, 2012. Cha kwake kilikuwa na 2015.

Chuo Kikuu cha Savitribai Phule Pune, ambacho vyuo vingi vya uhandisi vya mjini viko chini yake, hubadilisha mtaala kila baada ya miaka michache, na kila mtaala unaitwa kwa mwaka wake. Wenyewe wanauita patani: patani ya 2012, ya 2015, ya 2019. Mada zinahamishwa kutoka muhula mmoja kwenda mwingine, nyingine zinafutwa, na mpangilio wa yuniti, yaani sehemu za somo, unabadilika. Wachapishaji wa palepale Pune, kama Nirali Prakashan na Technical Publications, wanatoa vitabu vinavyofuata patani husika yuniti kwa yuniti, na mwaka wake unaandikwa jaladani. Mimi nilikuwa patani ya 2015. Vitabu vyangu vilikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyevihitaji tena, isipokuwa waliokuwa na sapu, yaani mitihani ya kurudia, za mtaala wa zamani. Lile fungu zima lilikuwa linasubiri mgeni, na mgeni akaja.

Walioko jimbo la Karnataka chini ya VTU, chuo kikuu cha teknolojia cha kule, wana kitu hichohicho, wao wanakiita skimu. Popote utakapokwenda India, kabla hujatoa hata rupia moja, uliza mtaala wako unaitwa mwaka gani. Pakua silabasi yenyewe kwenye tovuti ya chuo kikuu, tembea nayo kwenye simu. Muuzaji akikuletea kitabu, fungua yaliyomo, linganisha yuniti zote. Dakika mbili tu. Atanung'unika, mwache anung'unike.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyeniambia: ile orodha ya darasani haina maana kwamba ununue vyote. Kuna vitabu vya aina mbili. Vya kwanza ni hivyo vya Pune, vyembamba, karatasi si nzuri, wakati wangu kwa bei ya rupia 200 hadi 400. Hivyo ndivyo vinavyokuvusha mtihani. Aina ya pili ni vitabu vikubwa vya rejea, vya waandishi wa Kihindi au wa nje, ambavyo wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani huvichapa India kwa bei ya chini, na jaladani wanaandika viuzwe Bara Hindi na nchi jirani tu. Hivi vinakufundisha kweli. Wahadhiri watawaambia vile vyembamba ni uchafu, na hawajakosea sana, nimekuta kanuni zilizokosewa na michoro iliyogeuzwa. Lakini nimeona pia Mtanzania mwenzetu aliyevidharau, akasoma vile vikubwa peke yake, akabaki na masomo matatu ya kurudia. Mimi nilinunua chembamba cha kila somo, na kikubwa kwa masomo mawili au matatu niliyojua nitayatumia kazini. Vikubwa vingine nilisomea maktaba.

Maktaba za vyuo kule zina tabia zake. Kadi zako ni chache, mbili au tatu, na kila moja inatoa kitabu kimoja kwa muda mfupi, kisha faini inaanza kuhesabiwa kwa siku. Lakini vyuo vingi vina kitu wanachokiita benki ya vitabu: unaweka dhamana au unalipa ada ndogo, unapewa vitabu vya muhula mzima, unarudisha baada ya mtihani. Haitangazwi kwa sauti. Mimi nilikuja kuijua mwaka wa pili, nilipomuuliza mzee wa maktaba kwa nini kijana mmoja ameondoka na vitabu sita. Vinagawiwa mwanzoni kabisa mwa muhula, na sisi wageni tunaochelewa viza tunakuta rafu nyeupe. Waandikie wenzenu walioko kule wawaulizie kabla hamjapanda ndege. Na mkumbuke kwamba mwishoni, kabla ya kupewa vyeti, mtazunguka na karatasi ya kutodaiwa kila idara. Kitabu kimoja kilichopotea mwaka wa kwanza kinaweza kukusimamisha mlangoni mwaka wa nne.

Halafu kuna fotokopi, ambayo kule inaitwa zeroksi. Kila lango la chuo lina kibanda cha zeroksi, na mwenye kibanda anaijua silabasi kuliko baadhi ya walimu. Nilikuwa nalipa rupia moja kwa ukurasa, na ukiwa na kurasa nyingi za pande mbili mnaelewana. Mwezi uleule niliobabaika na vitabu vyangu vya 2012, Septemba 2016, kila mtu pale kibandani alikuwa anazungumzia kesi ya Delhi. Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis walikuwa wamemshtaki mwenye kibanda cha zeroksi ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi tangu 2012, kwa kutengeneza makabrasha ya sura zilizochaguliwa na walimu. Mahakama Kuu ya Delhi ikaitupa kesi. Sheria ya Hakimiliki ya India ya 1957 ina kifungu kinachoruhusu mwalimu au mwanafunzi kunakili kwa ajili ya mafundisho, na jaji akasema makabrasha yale yanaingia humo. Wachapishaji walikata rufaa, na mwaka 2017 wakajitoa.

Muuza zeroksi wetu alishangilia kama timu yake imechukua kombe. Ila msiisome vibaya hukumu ile. Ilihusu sura zinazohitajika darasani. Haikumpa mtu ruhusa ya kutoa kopi ya kitabu kizima na kukiuza. Na hata ukiacha sheria, kwa hesabu tu hailipi: kurasa 700 kwa rupia moja moja, ongeza kufunga, umeshapita bei ya kitabu halisi kilichotumika. Zeroksi ni ya sura mbili tatu na mitihani ya miaka iliyopita. Hiyo mitihani ya nyuma, kusema kweli, ndiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote utakazonunua.

Vya bure pia vipo. Masomo ya video ya NPTEL, yanayotolewa na vyuo vya teknolojia vya IIT pamoja na taasisi ya sayansi ya IISc ya Bangalore, unayatazama bila kulipa chochote, unalipia mtihani tu ukitaka cheti. Nilipokwama kwenye mekanika ya majimaji ndiyo yaliniokoa, ingawa profesa mwenyewe alikuwa anaongea kama anayesoma risala msibani.

Turudi kwenye kununua. Vitabu vipya pale ABC vina bei ya juu iliyochapwa, na hakuna mwenyeji anayeilipa. Ukikaa kimya unapunguziwa asilimia kumi, ukiuliza, zaidi. Vilivyotumika kwa kawaida ni nusu ya bei. Swali ambalo nilijifunza kuliuliza kabla ya yote ni hili: nikikurudishia baada ya mtihani, utanilipa ngapi? Duka likikubali, mwombe aandike kwenye risiti. Jina lako andika kwa penseli. Usipigie mistari kwa kalamu ya rangi. Nenda asubuhi, kwa sababu baadhi ya maduka ya mji ule hufunga mchana mzima ili mwenye duka ale na alale, na hakuna cha kumbembeleza.

Bora zaidi ya duka ni mtu aliyekutangulia mwaka mmoja, kozi ileile, chuo kilekile. Kitabu chake kina patani sahihi na alama za penseli mahali mwalimu anapopenda kuuliza. Kuanzia mwaka wa pili nilikuwa nakwenda kwa kaka mmoja wa Tanga aliyekuwa mbele yangu, nampikia pilau mwisho wa muhula, naondoka na mfuko mzima. Ukimwahi kabla ya mtihani wake wa mwisho anakuahidi. Ukimsubiri amalize, ameshauza, yuko uwanja wa ndege.

Rafiki yangu mmoja alikwenda Marekani kwa shahada ya pili, akashtuka kuona kitabu kilekile tulichosomea Pune kinauzwa mara kadhaa ya bei yetu. Aliogopa kuagiza nakala ya India kwa sababu ya yale maandishi ya jaladani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalijibu hilo mwaka 2013, katika kesi ya Supap Kirtsaeng, mwanafunzi wa Kithailandi ambaye ndugu zake walimtumia vitabu vya bei nafuu kutoka kwao naye akaviuza kule. Majaji sita dhidi ya watatu walisema kitabu kilichochapwa kihalali nje na kununuliwa kihalali, mnunuzi anaweza kukiuza tena. Basi yule rafiki yangu nikamtumia viwili kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Angalizo: namba za maswali katika nakala za India wakati mwingine ni tofauti, akajibu zoezi zima ambalo hakupewa.

Machi 2020 India ikafungwa kwa korona, maktaba zikafungwa, na mtihani wa mwisho tukaufanyia mtandaoni baadaye mwaka ule. Nilipopata ndege nilikuwa na kilo zangu na mlima wa vitabu. Vile vikubwa vitatu nilivibeba, vipo kwa mdogo wangu sasa. Vya mwaka wa tatu na wa nne nilivigawa kwa wadogo waliokuwa bado kwenye patani yetu. Vya mwaka wa kwanza na wa pili hakuna aliyevitaka, kwa sababu patani ya 2019 ilikuwa imeshafika huko.

Nikavipeleka kwa mnunuzi wa radi, yaani karatasi chakavu, ambaye hununua kwa kilo, magazeti na vitabu mzani mmoja. Akapima, akanipa noti chache. Nikiwa nageuka nikaona amechomoa viwili vilivyokuwa safi, anavifuta vumbi na kuviweka kwenye meza ya mbele, upande wa barabara. Nikamwambia, kaka, hivyo ni vya 2015, usimuuzie mtoto wa mwaka wa kwanza. Akacheka, akatafuta penseli sikioni, akaandika bei.