Mazingira kwenye nyumba ya kupanga: mimi nilianzia jikoni

Wakuu, swali la mleta mada nimelisoma mara mbili. Amepanga vyumba viwili hapa Dar, ana watoto wawili na mshahara wa kawaida, na kila akitafuta ushauri wa kuishi bila kuharibu mazingira anaambiwa anunue mswaki wa mianzi, afunge sola juu ya paa na aache mirija ya plastiki. Paa si lake, na mrija hata hakumbuki ameushika lini. Anauliza aanzie wapi, na mwishoni kaongeza: afanyeje na jirani anayechoma taka chini ya dirisha lake kila asubuhi?

Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Tabata tangu 2017, wapangaji wanne uwanja mmoja. Naeleza niliyoyafanya, pamoja na yaliyonishinda.

Anza na kile unachokichoma kila siku. Mwaka 2020 nilianza kuandika matumizi kwenye daftari la mtoto, na wala sikuwa nawaza mazingira, nilikuwa natafuta hela inapopotelea. Ukitoa kodi na chakula, kilichofuata kilikuwa mkaa. Gunia halikuwa linatufikisha mwisho wa mwezi, tunamalizia na wa kupima dukani, ambao ndio ghali kuliko wote. Na huo mkaa usidhani unatoka mbali sana na maji unayokunywa. Unatoka Pwani, Morogoro, Tanga, kwenye mapori yaleyale yanayoshika maji ya mito yetu. Kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa inakula kuni kilo tano hadi kumi. Gunia la kilo 50 ni kuni kilo 250 mpaka 500, zinaishia kwenye maharage na maji ya kuoga. Nilipopiga hesabu hiyo, habari ya mirija nikaiweka pembeni.

Gesi tulinunua kwanza, mtungi wa kilo sita. Inafaa kwa chai, ugali, mboga, vitu vya haraka. Gesi nayo ni mafuta ya ardhini, sisemi ni malaika, lakini kwa msitu ni nafuu kubwa, na kwa mapafu ya mpishi pia. Tatizo likabaki maharage, makande na supu ya kongoro. Hivyo ndivyo vinavyomrudisha mtu kwenye mkaa hata akiwa na mitungi mitatu ndani, kwa sababu roho inauma kuona gesi inawaka saa mbili.

Hapo ndipo nikanunua presha kuka ya umeme ya lita sita, na ndipo ugomvi ulipoanza. Nyumba yetu ilikuwa na LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Tunachangia sawa kwa sawa, na sheria ya uwanja ni kwamba hakuna pasi ya kila siku, hakuna hita, hakuna jiko la umeme. Siku wenzangu walipoisikia inapuliza mvuke, kikao kikaitishwa jioni hiyohiyo. Sikuwalaumu, maana kila mtu anajua birika la umeme linavyokula uniti. Nikawaomba tufanye jaribio mbele yao. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku, vitu vingine vyote uwanja mzima vimezimwa, tunasoma mita kabla na baada. Haikufika nusu uniti. Elfu 10 inatupa uniti 28, kwa hiyo uniti ni kama shilingi 357, na sufuria lile la maharage halikumaliza hata shilingi 200. Mkaa wa kuivisha maharage hayohayo ulikuwa unazidi hapo mara kadhaa. Sababu ni kwamba chungu kile kimefungwa na kina koti la kuzuia joto lisitoke, kikishapata presha umeme unakatika wenyewe, unarudi kidogo kidogo tu.

Mpangaji mmoja bado hakuamini, akasema mita ya nyumba yetu "inajua kudanganya". Mwishowe kila mpangaji akafunga submita yake, mita ndogo inayoonyesha uniti zake peke yake, fundi akazipanga ukutani, na kesi zikaisha. Mleta mada, kama mnachangia LUKU, anzia hapo kabla hujanunua chochote. Mtu ambaye haoni uniti zake hana sababu ya kuzima taa. Jingine la usalama: chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, usitumie ekstensheni za bei rahisi. Yangu ya kwanza iliyeyuka.

Kuna watakaosema umeme nao una madhara. Kweli, ila wa kwetu sehemu kubwa unatoka kwenye maji na gesi asilia, na tangu Februari 2024 mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuwashwa, upande wa maji umekua sana. Bwawa hilo limejengwa la megawati 2,115. Serikali yenyewe ina mkakati wa miaka kumi, 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia. Tuliobaki na mkaa tusisubiri mwaka 2034.

Umeme ukikatika natumia ujanja wa mama yangu, mtu wa Tanga. Makande yakishachemka kwa nguvu nusu saa, anafunika sufuria, analizungushia kanga kuukuu na blanketi, analizamisha kwenye kikapu kikubwa na kukifunga. Baada ya saa nne yameiva, hakuna moto. Yachemke kwelikweli kwanza, maana maharage nusu mabichi yanasumbua tumbo vibaya. Mkaa kidogo bado ninao kwa ajili ya samaki na mahindi, nauwashia kwa vifuu na makumbi ya nazi. Hapa uwanjani watu walikuwa wanawashia mkaa kwa mfuko wa plastiki, halafu wanachoma mahindi ya watoto juu yake.

Jambo la pili ni friji. Nililinunua la mtumba, zuri, kubwa, bei ya kutupa. Submita ilipofungwa ndipo nikajua kwa nini lilikuwa bei ya kutupa. Usiku mmoja nilizima kila kitu nikaliacha lenyewe, nikasoma mita wakati wa kulala na alfajiri: lilikuwa linaelekea uniti tatu na zaidi kwa siku. Fundi mmoja akataka kuniuzia kompresa. Wa pili alichukua noti ya elfu moja, akaifungia mlangoni, akaivuta, ikatoka laini bila kushikwa. Raba ya mlango imekufa. Kubadili raba, kulisogeza mbali na ukuta na kuacha kuingiza sufuria la moto kukalishusha chini ya uniti mbili. Kabla hujafikiria sola, jaribu noti mlangoni.

Sasa taka. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani hapa mjini ni maganda na mabaki ya chakula: ndizi, mihogo, nanasi, mabua ya mchicha. Tunayafunga pamoja na plastiki kwenye kiroba, guta la taka linachukua, yanaenda dampo la Pugu, yanaozea chini ya lundo bila hewa na kutoa gesi ya metheni, inayopasha dunia joto kuliko hewa ya ukaa. Nikaamua kutengeneza mboji kwenye ndoo ya lita 20. Wiki ya pili mama mwenye nyumba alikuja mwenyewe, ameziba pua kwa mtandio.

Kosa langu lilikuwa kuweka maganda matupu. Maganda yana maji mengi, yakikosa hewa yananuka. Nikatoboa ndoo pembeni na chini, na kila nikitupa maganda nafunika kwa konzi mbili za maranda, ambayo seremala wa mtaani ananipa bure kwa sababu na yeye anatafuta pa kuyatupa. Wali uliobaki, nyama na mafuta siweki, vinaita panya. Kwa joto la Dar inachukua kama miezi mitatu, unapata udongo mweusi usio na harufu. Nina ndoo tatu za zamu. Taka zangu zilishuka kutoka viroba vitatu kwa wiki hadi kimoja, na mama mwenye nyumba sasa anakuja kuomba udongo wa maua.

Mboji hiyo naipandia mchicha na matembele. Mwanzo nilipandia kwenye viroba vya mchele, nikijisifu kwamba natumia tena. Baada ya miezi kadhaa ya jua vikachanika, nyuzi za plastiki zikatapakaa uwanja mzima, bado naziokota hadi leo. Tumia ndoo zilizopasuka au madebe.

Kuhusu mifuko, nitasema jambo ambalo huenda litawaudhi baadhi yenu. Juni 2019 mifuko ya plastiki, rambo, ilipopigwa marufuku tulifurahi, tukahamia ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa. Mingi ya ile si kitambaa, ni plastiki iliyotengenezwa kwa namna nyingine. Faida yake inakuja ukiutumia mara nyingi. Ukinunua mpya kila ukienda sokoni, hujabadilisha kitu. Siku moja niliihesabu nyuma ya mlango, ilikuwa 23. Nikagawa, nikabaki na miwili pamoja na kikapu cha ukindu. Na vile vifungashio vyembamba vya nyanya na karanga ndivyo sasa vinavyoziba mitaro yetu. Mimi naenda na vibakuli vyenye mifuniko. Mwanzo muuza genge alinicheka, sasa ananijazia moja kwa moja na nyongeza juu.

Mafuta ya kula nanunua ya kupima, na chupa yangu. Hilo wala sikujifunza kokote, ndivyo tulivyokulia. Chupa ya mafuta kurudi dukani miaka, nguo ya dada kushushwa kwa mdogo, shuka likichoka linakuwa nepi, nepi inakuwa tambara la kudekia. Tulikuwa tunaona aibu, tunaita shida. Watoto wangu nawaambia bibi yao alikuwa bingwa wa mazingira na hakuwahi kulisikia hilo neno.

Maji kwa ufupi. Kwenye mgao wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua, tulijifunza wote kwa lazima. Mazoea mawili yamebaki: maji ya kuoshea mchele yanaenda kwenye mchicha, na ya kusuuzia nguo yanaenda chooni na kwenye kudeki. Mvua tunakinga kwa gata fupi tulilochangia. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo kipande cha bati cha mita za mraba 30 kwenye mvua ya milimita 20 kinatoa lita 600. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo ukinge. Na funika pipa kwa chandarua kikuukuu. Dengue ya 2014 na 2019 tuliiona, na mbu wake anapenda hasa maji safi yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani.

Usafiri sina la kujisifia. Sina gari, napanda daladala kama wengine.

Yaliyonishinda: sabuni ya kutengeneza nyumbani (ilinichubua mikono), kumshawishi mume apike na yeye kwenye presha kuka, na kuuza chupa za plastiki. Hizo chupa bei ya kilo ni ndogo na kilo moja ni rundo. Sasa nazitenga kwenye kiroba chake, kijana anayezunguka na mkokoteni anachukua bure, yeye ndiye anayejua pa kuzipeleka. Nilichofanya ni kuzisuuza tu, ili asichambue kwenye uozo.

Nirudi kwa jirani anayechoma taka. Wetu alikuwa anachoma saa kumi na mbili, plastiki, nepi za kisasa na majani ya mwembe kwa pamoja, moshi unaingia moja kwa moja kwa mtoto wangu mwenye pumu. Nilishagombana naye mara mbili, nikapeleka hadi kwa mjumbe, haikusaidia. Siku nilipomkuta hana haraka nikamuuliza kwa upole kwa nini hatoi kwa guta. Kumbe guta linapita saa nne, yeye yuko kazini, na anaishi peke yake. Tukakubaliana kiroba chake akiweke mlangoni kwangu usiku, ananichangia nusu ya ada ya mwezi. Plastiki imeisha kuchomwa. Majani ya mwembe bado. Nimemwomba aniletee yaliyokauka, kwani maranda yananipungukia siku hizi. Jumamosi iliyopita kaleta kiroba kizima, nimekimwaga nichambue kabla ya kuweka kwenye ndoo, ndani nikakuta betri nne za redio.