Anayekucheka kwa kusoma vitabu vya mapenzi muulize amesoma kipi

Juzi kuna mdogo wangu mmoja, msomaji wa hapa, yuko Mwanza anafanya kazi duka la dawa, kanitumia meseji ndefu inboksi. Anasema anapenda sana hizi riwaya nyepesi za wanawake, zile za dada wa mjini mwenye kazi yake na kodi yake na mashosti wake watatu na mwanaume anayemvuruga akili, anazisoma kwenye simu usiku akishafunga hesabu za duka. Sasa mchumba wake kaziona. Kamwambia mwanamke anayesoma vitu hivyo hatulii kwenye ndoa, bora atafute vitabu vya ujasiriamali. Anauliza, dada, ni kweli napoteza muda, niache?

Usiache. Na kaa nikueleze kwa nini, maana hili jambo mimi limenikaa rohoni muda mrefu.

Nimeanza na Mills & Boon bwenini, kama wengi wa umri wangu. Kampuni ya Uingereza hiyo ya riwaya za mapenzi, ipo tangu 1908, na vitabu vyake vilikuwa vinafika bwenini kwetu havina kava, kurasa za mwanzo zimenyofoka, unakisoma ndani ya daftari la Biolojia prepo inaendelea na pembeni kuna majina ya foleni kwa penseli, nani anafuata na nani akimaliza ampe nani. Baada ya hapo chuo, uhasibu, kazi Dar, hiyo miaka nairuka haina stori. Kilichonibadilisha ni kitabu cha mtumba nilichookota chini kwa wauza vitabu pale Posta, Rachel's Holiday cha Marian Keyes, mwandishi wa Ireland, kilitoka 1997. Kaka muuzaji alikuwa kakiweka na vitabu vya safari kwa sababu ya hilo neno Holiday, likizo. Nikakisoma kwenye basi la mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni, nimesimama mkono mmoja juu, na kuna sehemu nilicheka kwa sauti mpaka abiria wakageuka, halafu kurasa chache mbele koo likanikaba.

Rachel ni binti wa miaka 27 anayeishi New York, amezidisha dawa za kulevya karibu afe, familia ikamrudisha Ireland ikampeleka kwenye nyumba ya matibabu. Yeye anaenda anafurahi, anajua atakuta sauna na mastaa. Anakuta watu wazima wa kawaida, walevi, wana zamu za jikoni. Na anayesimulia ni yeye mwenyewe, kwa hiyo sura kibao unacheka naye, unamwamini, eti hana tatizo, wanamsingizia, mpaka siku aliyekuwa mpenzi wake analetwa pale kueleza mbele ya wenzake alichokuwa anakiona kila siku, na hapo ndo unagundua na wewe msomaji ulikuwa unadanganywa tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nina binamu yangu alikuwa anatumia unga. Maneno ya Rachel nilishayasikia sebuleni kwetu, "nitaacha nikitaka," "nyie mnanionea," na lile la kukopa nauli na hasafiri. Hakuna semina wala mahubiri yaliyonifanya nielewe kichwa cha binamu yangu kama kile kitabu. Na Keyes hakuokota habari barabarani, mwenyewe aliwahi kutibiwa ulevi kabla kitabu chake cha kwanza hakijatoka 1995.

Sasa sikia. Kulikuwa na kundi la wasomaji tulikuwa tunakutana Jumamosi, kila mtu analeta kitabu alichomaliza anaelezea. Zamu yangu nikaleta hicho. Kuna mzee mmoja pale, msomi, anaheshimika, tulikuwa tunamwita mwalimu, akanipokea kitabu mkononi, akakigeuza, akaanza kusoma maneno ya nyuma ya kava kwa sauti nyembamba ya kujilegeza, eti anaigiza kisichana, watu wakacheka, akanirudishia na kusema, "Haya, sasa tuendelee na vitabu."

Tuendelee na vitabu. Mpaka leo nikiiandika hii sentensi nasikia joto usoni. Hakunipa hata dakika moja ya kueleza Rachel ni nani. Sikurudi kwenye lile kundi na sijutii, nikaanzisha la kwangu la WhatsApp, la kina dada, na leo tuna manesi, walimu, mama lishe wawili, mwanasheria, mpaka dada zetu walioko Muscat wanaofanya kazi za ndani wanasoma na sisi usiku wakishamaliza kazi, na mijadala ya humo hakuna ninachoweza kufananisha nayo kwenye zile Jumamosi.

Na dharau hii sio ya kwetu peke yetu. Mwaka 2001 kule Uingereza mwandishi mkubwa kabisa, Beryl Bainbridge, mwanamke mwenzetu, aliviita vitabu hivi povu, yaani vitu vyepesi visivyo na kitu ndani. Kwa hiyo mdogo wangu ukichekwa ujue unachekwa kwenye foleni ndefu. Lakini mwanaume akisoma riwaya ya kijasusi, mtu anaruka na helikopta anaua kumi kabla ya chai, hakuna anayemwambia hatatulia kwenye ndoa. Kuna mtu ashawahi kumuuliza mchumba wako anasoma nini? Au hasomi?

Tusidanganyane lakini, vibaya vipo, tena vingi. Ndo maana nataka nikupe kipimo changu mimi mhasibu: angalia hela. Ukifika ukurasa wa thelathini jiulize huyu dada anakula nini, kodi analipa nani, mshahara wake ni wa kazi gani na hiyo kazi umemwona akiifanya? Kama mwandishi hajui, basi na mapenzi ya humo hayajui, kwa sababu maisha ya mwanamke mapenzi na hela vinakaa chumba kimoja. Hiki kipimo hakijanidanganya bado.

Chukua Sophie Kinsella. Kabla ya riwaya alikuwa mwandishi wa habari za fedha, na kitabu chake cha kwanza cha Shopaholic, yaani mraibu wa kununua vitu, 2000, mhusika wake Becky Bloomwood naye kazi yake ni hiyo hiyo, anaandika makala za kuwashauri watu waweke akiba huku yeye mwenyewe benki inamwandikia barua za deni na hazifungui. Halafu anakutana na skafu dukani. Ile sehemu ya skafu inachekesha, lakini mimi niliisoma nikiwaza wanawake ninaowajua waliochukua ile mikopo ya kausha damu, ya riba ya kuumiza, wanaozima simu mchana, wanaomwambia mume hela ya ada imechelewa ofisini. Barua za Becky zimekuwa meseji kwetu, tofauti ndogo sana. Anajidanganya vile vile, kwa sentensi zile zile, kwamba nikinunua hiki kimoja ndo nitatulia. Huo ni wepesi wa kuandika, sio wepesi wa akili, na kuandika jambo zito hivyo mpaka mtu acheke ni kazi ngumu kuliko kumliza. Vitabu vilivyofuata vya mfululizo huo mimi hamu iliniisha kidogo kidogo mpaka nikaacha, Becky akishaolewa na Luke mwenye kampuni yake deni halimtishi mtu tena.

Bridget Jones nitampitia haraka, wengi mmeona filamu. Helen Fielding aliianza kama safu gazetini London 1995, mwaka uliofuata ikawa kitabu. Kinachonikera ni kilo. Kila siku anaanza na uzito wake, na anapoanza hata 60 hafiki, huku kwetu shangazi angeuliza unaumwa nini. Lakini upweke wa kwenye vikao vya ndugu, kuulizwa utaolewa lini na watu ambao ndoa zao unazijua, huo ni wa Kimara na Kisumu pia.

Na kuna Terry McMillan, Mmarekani mweusi, Waiting to Exhale, 1992. Wanawake wanne weusi mji wa Phoenix, Arizona. Filamu ya 1995 kila mtu anakumbuka Angela Bassett anavyochoma gari lililojaa nguo za mume, watu wanaitumia kwenye memu mpaka leo. Mimi nakumbuka kitu kingine. Bernadine, mmoja wa hao wanne, huyo anayeigizwa na Bassett, alimsaidia mume kujenga biashara kutoka sifuri, akaweka pembeni ndoto yake mwenyewe, na mume anapoondoka na mwanamke wa ofisini inagundulika alishaanza kuficha mali. Kitabu kinakaa hapo, kwa mwanasheria, kwenye makaratasi, kwenye nani alisaini nini. Dada, sisi tuna Sheria ya Ndoa ya 1971 na tuna kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ambayo Mahakama ya Rufani 1983 ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Wanawake wengi kwenye kundi letu hiyo kesi waliisikia mara ya kwanza siku tunamjadili Bernadine, mwanasheria wetu akaieleza kwa voisi noti ndefu na watu wakaanza kuuliza maswali yao ya kweli. Nionyeshe kitabu cha ujasiriamali kilichofanya hivyo kwa jioni moja.

Ukitaka cha Afrika anza na His Only Wife cha Peace Adzo Medie wa Ghana, 2020. Afi ni fundi cherehani wa mji wa Ho, anaolewa na tajiri ambaye kwenye sherehe ya kumwoa hayupo, kaka yake ndo kakaa badala yake. Mama wa bwana harusi ndiye aliyempa mama yake Afi kazi na pa kuishi, sasa hapo binti atasema hapana kwa mdomo upi? Anapelekwa Accra kwenye fleti nzuri anasubiri mume. Siku zinaenda. Soma anavyoshona, anavyokwenda kujifunza kwa fundi mkubwa, anavyoanza kuwa na duka na wateja wake, halafu angalia sauti yake inavyobadilika akiongea na yule mume. Kitabu kinasomeka siku mbili, kinachekesha, nguo zimeelezwa mpaka unatamani kitenge, na ndani yake kuna swali ambalo familia nyingi za huku hazitaki kuulizwa.

Hizi simulizi zetu za Kiswahili za mitandaoni nazo nazisoma, za sehemu ya kwanza mpaka ya hamsini, ITAENDELEA, na full, yaani stori nzima mpaka mwisho, shilingi elfu moja. Wapo dada wanaoandika vizuri mno, mazungumzo yamenyooka, ukisoma unasikia kabisa uswahilini. Ila mabilionea wamezidi jamani. Kila bosi bilionea, ana miaka 29, ghorofa nzima ni lake, na hakuna mahali hata pamoja tunaambiwa anauza nini, halafu binti hana kazi wala shosti wala mama, kazi yake kulia na kununuliwa gauni. Nikifika hapo naweka chini, sijilazimishi, na wewe usijilazimishe, kitabu hakina mahari ulizokula. Waandishi wadogo zangu mnaonisoma, mpeni binti kazi. Mpeni kibanda cha chipsi, mpeni uwakala wa miamala, awe na foleni mchana na hela pungufu jioni, hapo mwanaume akiingia kwenye stori tutajua anaingia kwenye maisha ya nani.

Na mwandishi mlipe. Hiyo tabia ya kununua full moja na kuirusha kwenye makundi matano siipendi na kwangu nimeipiga marufuku, unamfurahia mwanamke wa kitabuni anayepigania hela yake huku unamnyima elfu moja mwanamke aliyemwandika? Msiwe hivyo.

Sasa mdogo wangu, kuhusu mchumba. Usisome kwa kujificha, ukijificha unakubali kesi. Soma mbele yake, akiuliza msimulie, mweleze Afi ameolewaje, muulize yeye angekuwa kaka mtu angekubali kukaa kwenye kile kiti? Jibu lake litakwambia mengi kabla hamjachangisha harusi. Akisikiliza na kubishana na wewe, huyo mwanaume mzuri, endeleeni. Akikupokea kitabu mkononi na kuanza kuigiza sauti, wewe ni mtu mzima, umeona.

Vya ujasiriamali soma pia ukipenda, mimi havinisumbui. Ila usivisome kwa sababu kuna mtu amekwambia vile vingine ni vya wajinga.

Kundini mwezi huu tumerudia Waiting to Exhale kwa ajili ya wageni walioingia, tumefika pale Bernadine anapotafuta mwanasheria, na tangu juzi usiku hakuna anayeongelea kitabu tena, wanaulizana hati ya nyumba imeandikwa jina la nani.