Jibu kwa dada wa stesheneri: mi sipendi baiskeli, ila saa 11 alfajiri nshafungua

Dada nimesoma swali lako mara mbili. Umesema una stesheneri Bagamoyo karibu na chuo, huu mwaka wa nne, kodi ya fremu unalipa, watoto wanakula, hudaiwi na mtu, ila asubuhi ukishika funguo unajiuliza nafungua ili iweje, na unaogopa kuyasema hayo maana watu watakwambia unakufuru. Hujakufuru dada angu. Mi yamenikuta hayohayo na nilikaa nayo kama miaka miwili bila kumwambia mtu, hata mke wangu alikuja kujua kwa kuniona nachelewa kutoka nyumbani.

Waliokujibu juu huko wamegawanyika, kuna wanaosema achana na hiyo biashara tafuta kitu unachokipenda, na kuna wanaosema ongeza mtaji uchanganye na vifaa vya simu, hela ikizidi mawazo yataisha. Nawaheshimu ila mi yote mawili nimeyapitia, ya kwanza kwa kichwa na ya pili kwa vitendo, hayakunisaidia, acha nisimulie yangu uone.

Mi ni fundi baiskeli hapa Tanga, Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba (zipo mpaka ya 21, ya kwangu siitaji maana wateja wangu wengine wamo humu humu). Mwaka wa 13 sasa. Na nianze na hili watu wakishangaa washangae, sipendi baiskeli. Sijawahi kuzipenda. Grisi ikiingia kwenye kucha hata sikukuu ya Idi unakwenda nayo msikitini, mgongo unauma, na mteja wa baiskeli akiambiwa 2,000 anakuangalia kama umemwibia. Nilipokuwa kijana nilitaka kuendesha winchi bandarini, nikitoka shule napita Raskazone kuangalia meli zilivyokaa mbali kule majini na matishari yanapeleka mzigo. Kazi haikupatikana, mjomba akaanza kuumwa miguu, akaniita nimsaidie mwezi mmoja. Ndo huo mwezi mmoja mpaka leo. Mjomba alifariki nikabaki na kibanda, pampu, sanduku la spana na daftari la watu aliowakopesha ambao nusu yao nao walishafariki.

Mji wetu kwa asiyeujua ni tambarare, kwa hiyo baiskeli Tanga ni kitu cha kila mtu, mwalimu, karani, bi mkubwa na baibui lake anakwenda sokoni, wote. Lakini bodaboda zilipojaa, kazi ikapungua bwana, tena ikapungua kwelikweli. Kuna wiki nilikuwa naziba pancha tu, 500, 500, mpaka Ijumaa. Kwa hiyo 2019 nikafanya kama mnavyomshauri huyu dada, nikaongeza mtaji, nikaingia uwakala wa pesa kwa simu. Nikakata kidirisha pembeni ya kibanda, nikapiga rangi, nikaweka kimeza. Na nisiseme uongo, hela ikaja. Mwezi mzuri kamisheni ilikuwa inagonga 180,000 na baiskeli zote nilizozitengeneza mwezi huo hazifikishi hiyo, na mikono safi, na feni. Kodi ya kibanda 40,000 nailipa huku nacheka.

Sasa ajabu ni kwamba hapo ndo ile hali yako ilinianza. Kipindi cha njaa sikuwa nayo, njaa haikupi nafasi ya kujiuliza maswali. Ilikuja nilipokaa kwenye kiti, feni inazunguka, mtu anasema toa laki, natoa laki, anasema weka elfu ishirini, naweka, siku imeisha, na jioni ukiniuliza leo umefanya nini sina cha kukwambia. Nikawa nafungua saa 3. Mara saa 4. Nikawa nasikiliza hawa mamotivesheni spika kwenye simu usiku, fuata ndoto yako, fuata ndoto yako, haya nikafuate winchi na umri huu?

Kilichonizindua ni aibu, sio mawazo.

Ilikuwa Ramadhani ya 2021, iliangukia kwenye masika, barabara mashimo na maji. Kuna mzee mmoja muuza samaki, anachukua vibua pale Deep Sea alfajiri boti zikiingia, anapakia tenga kwenye keria anapiga pedeli mpaka Pongwe anauza nyumba kwa nyumba. Ukitoa mashimo na mvua ni safari ya zaidi ya saa nzima na mzigo nyuma. Baiskeli za samaki zina shida yake, maji ya chumvi na barafu yanachuruzika toka kwenye tenga yanashukia habu (pale katikati ya gurudumu spoku zinapoanzia) na ringi ya nyuma, chuma kinaliwa, spoku zinaota kutu zinakatika shingoni. Akaniletea jioni, spoku saba zimekwenda, ringi inacheza. Nikamwambia niachie mzee wangu kesho utaikuta.

Nikaianza. Sasa kwa wasiojua, ringi ya nyuma ya hizi baiskeli kubwa za inchi 28 nyingi ina spoku 40, na ujanja wote wa kazi ni kuzikaza zivutane sawa, kulia na kushoto, unazungusha, unasikiliza, unaigonga kwa spana ikilia tofauti unajua hii imelegea. Zikiwa sawa tenga la kilo 50 linakaa wala haina habari. Zikilegea chache upande mmoja, zilizobaki zinabeba mzigo usio wao, inakatika moja, halafu zinafuatana. Ni kazi ya kukaa nayo bila kuinuka. Mi siku ile nakaza nne mtu wa kutoa hela huyo, nainuka, nanawa, narudi, nakaza mbili mwingine huyo anataka kuweka, nikarudi nikasahau nilikuwa wapi. Futari ikakaribia. Nikaizungusha kwa mkono ikaonekana imenyooka, nikasema imetosha. Mjomba alikuwa haruhusu baiskeli itoke mpaka aipande mwenyewe azunguke nayo mtaa mzima, tena apite makusudi kwenye mashimo. Mi hiyo tabia nilishaiacha siku nyingi, nani ana muda.

Ringi ilimlalia mzee pale kwenye njia ya Majani Mapana, ikajikunja kama namba nane, tenga likamwagika kwenye tope. Amefunga, mvua inanyesha, vibua wameshakuwa wa paka. Yeye mkono uliteguka kidogo tu, Alhamdulillah.

Akaja kwangu saa 5 mchana anaikokota. Nikajua leo natukanwa na nastahili. Wallahi dada yule mzee hakunitukana. Alikaa kwenye benchi, akapumua, akaniuliza, "Fundi, kesho unafungua saa ngapi?" Nikajibu saa 3. Akatikisa kichwa akasema, "Saa tatu samaki wameshaisha, nakutaka kabla ya saa kumi na mbili." Basi. Hakuniuliza kwanini ringi imekufa, hakutaka nimlipe samaki, alichokitaka ni saa. Nikamwambia njoo saa 11 mzee wangu. Usiku ule sikulala vizuri, baada ya daku nikaenda moja kwa moja kibandani, nikatoa ringi na spoku zote 40 nikaweka mpya kwa hela yangu, nikaipanda gizani nikazunguka nayo kama mwendawazimu, mbwa wananifukuza.

Na pale saa 11 nilipofungua mlango niligundua kitu ambacho miaka yote nilikuwa sikijui kwa sababu nilikuwa nimelala. Walipita watu wanane. Wa samaki, wa maziwa anayepeleka kituo cha kukusanyia, mlinzi anatoka lindoni pancha, kijana wa mikate cheni imeruka. Wote walikuwa wanakokota au wanaendesha kibovu hivyo hivyo, wanapita mbele ya mlango wangu uliofungwa, kila siku, miaka. Mmoja akaniambia kabisa, "Siku hizi upo?"

Baada ya hapo nikafanya zoezi ambalo ndo ushauri wangu kwako. Nilichukua daftari, wiki mbili, siandiki hela. Naandika nani kaja, na akitoka hapa anakwenda kufanya nini, na kama nisingekuwepo angefanyaje. Maneno machache tu. Upande wa uwakala kila mstari ulikuwa unafanana, asingenikuta angekwenda kwa jirani, hatua ishirini. Sisemi uwakala ni kazi mbaya, kijijini ambako wakala ni mmoja hiyo daftari ingesoma tofauti kabisa. Ila kwa mtaa wangu mi nilikuwa wa tisa. Upande wa baiskeli asubuhi mistari ilikuwa hivi, "asingeuza leo", "angekokota mpaka Kange", "maziwa yangeharibika". Nilipoisoma nikacheka peke yangu. Kazi nisiyoipenda ndo ambayo nikikosekana kuna mtu anaumia, na ile ya feni nikifa leo hata foleni haitabadilika. Julai ya mwaka ule ule tozo za serikali kwenye miamala ya simu zikaanza, watu wakapunguza kutoa hela kwa simu, kamisheni ikashuka, na mi wala sikuumia kama nilivyodhani. 2022 petroli ikapita 3,000 kwa lita, wachuuzi kadhaa waliokuwa wamehamia pikipiki wakarudi kwenye baiskeli wakanikuta nipo.

Sasa turudi kwako. Stesheneri nazijua kidogo, mwanangu mkubwa juzijuzi ameomba mkopo wa chuo. Ile fomu ya bodi ya mikopo unajaza kwenye mtandao, unaprinti, inakwenda kwa mdhamini, serikali ya mtaa, wakili au hakimu, inarudi, inaskaniwa, inapandishwa tena. Hapo katikati kuna cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo. Mtoto wa kwanza kwenye ukoo kwenda chuo, wazazi hawajui hata imeili ni nini, mtu pekee mwenye akili timamu kati yake na huo mkopo ni wewe wa stesheneri. Sisi tulihudumiwa na kijana mmoja hapa mjini aliyeskani kurasa ikakatika sahihi ya mdhamini, hakuangalia, tukahangaika karibu na siku ya mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama mimi na ile ringi. Kwa hiyo dada ukianza hilo daftari nadhani fotokopi za 100 hazitakuonyesha kitu, lakini angalia wa mikopo, wa kuomba ajira serikalini, wa namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, ujue nani anakuja kwako akiwa anatetemeka. Inawezekana ukakuta hakuna, Bagamoyo hapo stesheneri ni nyingi, na ikiwa hivyo basi walau utajua unahama kwa sababu gani badala ya kuhama kwa hasira.

Tahadhari mbili maana na mi nilizidisha. Nilipoona nina umuhimu nikaanza kukopesha kila mtu, huruma tele, miezi minne daftari la madeni likafika 70,000 na ushei na dukani kwa vipuri sina uso. Sahivi kipuri ni taslimu, hata awe mzee wangu wa vibua, ufundi wa mikono yangu ndo nakopesha. Na uwakala sijaufunga, nisikudanganye, mke wangu anakaa kidirishani kuanzia saa 3 na ndo unaolipa ada za shule. Mi naweka mkono kwenye ringi na siinuki mpaka iishe, wa kutoa hela ataongea na mwenye kidirisha.

Kuna siku bado naamka sitaki. Jumatatu iliyopita mvua, mgongo, nikamwambia mke wangu leo siendi, akasema haya lala. Nikalala dakika kama kumi hivi, nikawa nasikia kengele za baiskeli zinapita nje kuelekea Deep Sea, moja inapiga kelele ya cheni kavu nikaijua ni ya nani, huyo kijana nimemwambia mara tatu aje aweke oili haji. Nikaamka kwa hasira tu ya ile cheni.

Anza na wiki mbili za daftari dada, ukimaliza rudi hapa utuambie umeona nini, usitupe majina ya watu tu. Mi nipo ila baada ya isha huwa sijibu, nina ringi mbili za watu zinatakiwa alfajiri na moja bado sijaipanda.