Kabla hujameza TLD pamoja na dawa ya kiungulia, soma hii kwanza

Jamani leo naandika kwa ajili ya wale wanaomeza TLD, kile kidonge cha VVU, kila siku, na wale wenye ndugu anayemeza, maana kuna jambo lilitupata nyumbani na nisingependa limpate mtu mwingine.

Dada yangu yuko kwenye dawa mwaka wa saba sasa. Haruki dozi, alamu ikilia saa tatu usiku hata kama tuko msibani anaomba maji anameza. Mwaka jana akapima wingi wa virusi, majibu yakarudi yamepanda. Kliniki wakamkalisha kama mtoto, we unaruka dawa, sema ukweli, na yeye analia tu anasema sijaruka. Akanipigia mimi kwa sababu nimefanya kazi miaka tisa kwenye maabara ya ubora ya kiwanda cha vidonge, nikaenda kwake jioni hiyo hiyo.

Sikumuuliza unameza au humezi. Nilimwambia dada, fanya kila kitu kama unavyofanya siku zote, mi nakaa hapa naangalia. Akala ugali na dagaa, alamu ikalia, akachukua kidonge kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa kwenye rafu juu ya jiko, akameza, na palepale akanywa vijiko viwili vya ile dawa nyeupe ya kiungulia. Nikauliza, kila siku hivi? Kila siku, vidonda vya tumbo vimenianza tangu mwaka jana, nakunywa zote pamoja nisisahau.

Hapo nikaelewa.

TLD ni dawa tatu kwenye kidonge kimoja, tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Mbili za kwanza zinamzuia kirusi asijinakili. Ya tatu inafanya kazi mbele kidogo, pale kirusi kinapotaka kujichomeka kwenye vinasaba vya seli yako, na kujichomeka huko kunafanywa na kimeng'enya chake kinachoitwa integresi, ambacho katikati yake kimeshikilia chembe mbili za magnesiamu, bila hizo hakiwezi kitu. Watafiti walichofanya ni kutengeneza molekuli yenye umbo la kuzing'ang'ania hizo chembe mbili, integresi ikabaki imefungwa mikono. Mi nikifikiria akili iliyotumika hapo huwa nasisimka kabisa.

Sasa ile dawa nyeupe ya kiungulia imejaa nini? Magnesiamu na aluminiamu. Dolutegraviri haijui kwamba hii magnesiamu ya tumboni siyo ile ya kirusi, inaikamata hapo hapo tumboni, zinashikana, na zikishashikana hazipenyi vizuri kwenda kwenye damu. Yaani umemeza, alamu imelia, kila kitu sawa, lakini dawa nyingi imeishia njiani.

Kwa hiyo meza TLD masaa mawili kabla ya dawa ya kiungulia, au masaa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu vina madini ya chuma na vile vya mifupa vina kalisi, navyo vinashikana nayo vilevile, ila hivyo unaweza kumeza pamoja na TLD mradi uwe unakula chakula, tumbo tupu hapana, na kina mama wajawazito hili liwekeni kichwani maana vidonge vya damu mnapewa wote. Mwenye TB anayetumia rifampisini anatakiwa aongezewe dolutegraviri 50 nyingine baada ya masaa 12, na mwenye sukari anayetumia metformini dozi yake iangaliwe kwa sababu inapanda kwenye damu. Mtajie mhudumu kila unachomeza, hata cha duka la jirani, hata kama hajauliza.

Afu kuna ule mfuko wa plastiki. Najua kwa nini watu wanatoa vidonge kwenye kopo, kopo linalia cheke cheke kwenye mkoba, kwenye daladala watu wanageuka. Naelewa kabisa. Lakini hebu nikuambie sisi tulikuwa tunafanya nini. Kabla dawa haijapangiwa muda wa kuisha, makopo yanawekwa kwenye chemba yenye joto la nyuzi 40 na unyevu asilimia 75, miezi sita, na mengine kwenye joto dogo zaidi kwa miaka, kila baada ya muda tunatoa, tunapima dawa imebaki kiasi gani. Tenofoviri haipendi unyevu, ukiingia inaanza kuvunjika taratibu, ndo maana mle ndani kuna kile kipakiti kidogo kilichoandikwa usile, kazi yake kunyonya unyevu, usikitupe. Na vipimo vyote hivyo vilifanywa kidonge kikiwa ndani ya kopo lililofungwa. Ile tarehe ni ya kidonge kilichokaa kwenye kopo lake, ukikihamishia kwenye plastiki juu ya jiko lenye mvuke hakuna mtu duniani aliyekupimia hiyo.

Na viwanda sa hizi vimefika mbali. Zamani unga unachanganywa, unakaa kwenye mapipa kusubiri majibu ya maabara, ndo uende mashine inayofuata. Mwaka 2016 Marekani waliruhusu darunaviri, nayo dawa ya VVU, itengenezwe kwa mfululizo kule Gurabo, Puerto Rico, unga unaingia upande mmoja na vidonge vinatoka upande wa pili huku sensa, yaani vifaa vya kuhisi, zinapima mchanganyiko njiani. Lakini kopo likishatoka kiwandani sensa ni wewe.

Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, watu wetu walizikwa huku dawa zipo. Mwaka 2001 Yusuf Hamied wa Cipla, kampuni ya dawa ya India, akasema atauza kwa dola 350, na kufikia 2023 TLD ilishuka chini ya dola 45. Sehemu ya siri ya bei kushuka ni kemia tu, kilo moja ya efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika sana kabla ya dolutegraviri, miligramu 600 kwa siku, ilitoa dozi 1,666, kilo moja ya dolutegraviri inatoa 20,000. Na sasa Universal Corporation pale Kikuyu, Kenya, wanatengeneza TLD iliyokubaliwa na WHO, mwaka 2025 ikapelekwa Msumbiji. Nilipoisoma hiyo habari nilimpigia dada usiku.

Siwezi kuapa kwamba ni kiungulia peke yake kilichopandisha virusi vyake. Tulibadilisha vyote viwili siku moja, akapima tena baada ya miezi mitatu, havikuonekana. Dawa ya kiungulia anakunywa saa nne asubuhi, TLD saa tatu usiku, na kopo analizungushia kipande cha khanga kwa nje ndo linaingia kwenye mkoba.