Ni kweli, mwanangu, naangalia katuni

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeuliza kama ni kweli anayokuambia Shamsa, kwamba babu yake anaazima simu ya mama mdogo ili aangalie katuni, na hata yeye akilala babu anaendelea. Ni kweli, mama. Ukauliza tena: kama nazipenda hivyo hadithi zile, mbona ninyi sikuwasimulia? Hilo la pili limeninyima usingizi.

Katuni yenyewe inaitwa Tinga Tinga Tales. Nilikuwa barazani nasafisha mnyororo wa baiskeli ya jirani, Shamsa kakaa pembeni na simu. Nikatupa jicho, nikamwona tembo. Nikauweka mnyororo chini. Tembo yule nilimfahamu: madoa yale, rangi ile isiyo na kivuli, inayong'aa. Miaka thelathini nimepaka rangi baiskeli Kariakoo, na marehemu Edward Saidi Tingatinga aliwachora wanyama wake kwa rangi hiyohiyo ya baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa dari, tangu 1968, picha zikiuzwa Oysterbay. Rangi ile haitaki haraka. Unapaka ya nyuma kwanza, unangoja ikauke, unapaka mwili wa mnyama, unangoja tena, ndipo utie madoa. Na ni mtu wa kwetu Tunduru, mwanangu! Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, hajafikisha hata miaka mitano ya kuchora. Leo wanyama wa mtindo wake wanatembea na kusema. Vijana wa Nairobi, wa Homeboyz, ndio waliowatembeza, wakishirikiana na kampuni ya Uingereza, na chaneli ya watoto ya BBC ikaanza kuwaonyesha 2010. Vipande viko 52. Tumevimaliza, sasa tunarudia.

Kila kipande kinajibu swali moja. Kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini popo analala kichwa chini. Wanasema Kiingereza, kwa hiyo Shamsa ananitafsiria. Lakini siku ya kobe na gamba lake lililovunjika nilimwambia anyamaze kidogo, nikamsimulia ya bibi yangu: kobe alivyoazima manyoya kwa ndege aende karamuni mbinguni, akala peke yake, ndege wakayadai manyoya yao kulekule juu, akaporomoka, na chungu wakakesha wakimuunga gamba kipande kwa kipande. Shamsa akasema, "Babu, yako siyo hii." Kisha akazima simu mwenyewe. "Haya, nyingine."

Sasa nikujibu. Ningeweza kusema nilikuwa narudi usiku mmeshalala, na uongo haungekuwa. Lakini siyo sababu yenyewe. Bibi alisimulia kwa Kiyao. Alikuwa akisubiri moto ubaki makaa, tumejipanga kwenye mkeka, ndipo aanze. Nilipofika Dar es Salaam kijana wa miaka kumi na saba, nilichekwa kwa namna nilivyotamka Kiswahili, nikaapa wanangu wasichekwe. Nikakifungia Kiyao mlangoni. Sikujua kwamba kobe, sungura na fisi nimewafungia nje pamoja nacho. Nisamehe, wewe na kaka zako.

Hadi sasa nimekumbuka saba. Ya sungura na kisima inanipotea katikati, pale anapomhadaa mlinzi wa tatu. Nimempigia shangazi yako Tunduru. Anasema mwisho anaujua ila mwanzo umemtoka, basi kila jioni tunapigiana na kuishona. Namwandikisha Shamsa kwenye daftari, Kiyao upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Herufi zake bado kubwa, kurasa zinakwisha upesi. Ukija Idd tuletee daftari jingine, lile la kurasa mia mbili.

Na usiku wa kwanza usiende kwa rafiki zako. Lala hapa nyumbani. Ya kobe nitakusimulia wewe, Shamsa ameshaisikia.

Baba yako